Pilau Isiyo na Kitunguu

Mashoga zangu, tangu nirudi simu yangu haipumui. Kila mmoja anataka asimuliwe peke yake, na kila nikianza mnanikatiza kwa maswali kabla sijafika kwenye ule mlango. Basi leo nimekaa kitako, nimewaandikia wote kwa mpigo. Anayetaka kujua viza ilipatikanaje na tiketi ilikatwa wapi, akaulize kwingine. Mimi nasimulia njia na niliyokutana nayo.

Kilburn

Kazi yangu mnaijua. Mwaka wa nne huu naamka Peckham kabla jua halijajitambua, napanda mabasi mawili kwenda Kilburn kumhudumia Bi Chen. Ana miaka themanini na sita. Alitoka Taiwan akiwa msichana, akaja kufanya unesi, akaolewa na Mwingereza, akamzika, na sasa anaishi peke yake kwenye fleti iliyo juu ya duka la mapazia. Mikono yake inatetemeka, kijiko hakifiki kinywani, kwa hiyo mimi ndiye ninayemlisha. Vile vyakula vya kwenye visahani vya plastiki anavisukuma. Anachotaka ni pilau yangu, hii hii mnayonigombania kwenye harusi zenu.

Siku moja mwezi wa kwanza nikamkuta analia. Si kawaida yake, yule ni mkavu. Nikakaa chini, akanieleza. Mwanawe Peter alipokuwa mchanga aliugua hata madaktari wakakata tamaa. Bi Chen akaweka nadhiri kwa Mazu, mama mlinzi wa mabaharia anayeabudiwa pwani yote ya kwao. Alisema mtoto akipona atarudi nyumbani Yuanli, na siku msafara wa Mazu ukipita, atawalisha wanaoufuata kwa miguu. Chakula kisicho na nyama, kwa mkono wake mwenyewe, mlangoni kwao. Mtoto akapona. Kurudi ndiko kukashindikana: mara kazi, mara mume mgonjwa, mwisho miguu yake yenyewe ikakataa. Peter sasa ana mvi.

"Nikifa na hili moyoni, Zuhura, nitamwambia nini Mazu?"

Peter yuko Canada. Kwenye simu alimwambia mama yake asihangaike, atatuma mchango hekaluni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, jamani. Bi Chen akakata simu, akanigeukia mimi.

"Nenda wewe."

"Mimi Muislamu, Bi Chen. Siwezi kwenda kuabudu huko."

"Nani kakwambia uabudu? Nimesema upike."

"Lakini umeahidi kwa mkono wako."

Akaninyooshea vidole vinavyotetemeka. "Mkono unaonilisha miaka minne hii ni wa nani? Huo ndio mkono wangu."

Nikajisemea, nadhiri ni baina yake na anayemwomba, ila kulisha wapita njia sijaona dini iliyokataza. Peter, masikini, aliposikia nimekubali alisema gharama zote juu yake. Nikamsamehe.

Uwanja wa ndege wa Taoyuan

Nilibeba vitu viwili vya maana: bizari ya pilau niliyoisaga mwenyewe, na mwiko wangu mkubwa. Mpishi wa Kitanga haendi kupika ugenini na mwiko wa kuazima.

Ile nimeshuka, nimepata begi langu, natafuta mlango wa kutokea, akaja kimbwa kifupi chenye masikio marefu, kimevalishwa koti. Kikanusa begi langu, kikaketi. Nikadhani kimechoka. Kumbe kuketi ndiko kusema, "Mkamateni huyu."

"Una nyama?" akauliza binti aliyekishika.

"Sina."

Kimbwa kimeketi tu, kinanitazama.

Wakafungua kila kitu. Bizari wakainusa, mmoja akapiga chafya tatu, wakacheka, wakaifunga. Kisha ukatoka mwiko. Mwiko ule umekoroga nyama ya harusi za Waswahili kusini yote ya London, kuanzia Peckham hadi huko mwisho wa mabasi. Nimeusugua kwa ndimu na maji ya moto, lakini mbwa si mtu, hudanganyi pua yake. Nchi yao haitaki nyama ya nje iingie, hata ile iliyoponea kwenye nyufa za mti. Wakauchukua kwa adabu, kwa mikono miwili, kama wanaopokea posa. Nikabaki nimesimama na begi wazi kama mfiwa. Kwenye kukaguliwa na kuomboleza ilipita saa nzima.

Treni ya pwani

Bi Chen alinisisitiza, "Panda treni ya pwani." Mimi nikasikia treni, pwani nikaiacha Kilburn. Kumbe kutoka Taoyuan ukienda kusini reli inafika mahali inagawanyika, moja inapita kando ya bahari, nyingine inapanda milimani. Nikapanda ya milimani kwa madaha yote.

Pembeni yangu alikaa mama wa rika langu, ana kikapu mapajani. Akatoa mapera yaliyokatwa, akayachovya kwenye unga fulani mwekundu, akanipa. Mashoga, ule unga ni wa tunda lililokaushwa, una chumvi, una uchachu, una utamu. Nikajikuta nipo Tanga nje ya shule nakula embe bichi na pilipili. Nikamwambia hivyo hivyo kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakujua, naye akanijibu kwa lugha yake, na tukaelewana kabisa kwamba tunda bila chumvi ni upuuzi.

Kisha nikamwonyesha karatasi Bi Chen aliyoniandikia jina la Yuanli. Akaitazama. Akatazama nje, milima mitupu. Akajipiga paja, akacheka hadi watu wakageuka.

Akashuka na mimi. Kituo si chake, safari si yake, akashuka. Njaa ilinishika, nikamchorea nguruwe nikamkata kwa mistari miwili, yaani sili, akaelewa, akaniletea kiboksi cha wali na mboga na tofu ya soya ya kukaanga. Akasimama nami mpaka treni ya kurudi ikaja, akaniingiza, akamkabidhi kondakta kama mzigo wa mayai. Nilipotoa pesa aliweka mikono nyuma ya mgongo. Jina lake silijui hata leo. Nikimkumbuka namwombea dua.

Yuanli

Stesheni alinipokea Mei, mpwa wa Bi Chen, mwalimu wa shule anayejua Kiingereza. Akanipeleka kwa mama yake, Bi A-Lan, mdogo wake Bi Chen, mwenye miaka sabini na tisa. Nyumba ni ya matofali, imezunguka ua pande tatu, na mbele ina mlango wa mbao wa mabawa mawili, umebandikwa karatasi nyekundu za maandishi ya baraka. Ndio mlango wenyewe.

Bi A-Lan alikuwa ukumbini anasuka. Huko wana nyasi fulani ndefu zinazonukia vizuri, wanazisuka mikeka na kofia. Zamani kofia za Yuanli zilikwenda mpaka ng'ambo, na binti mwenye vidole vyepesi alilisha nyumba nzima, hata ikawa watu wa pale wanasema heri kuzaa wa kike. Nikaona nami nisionekane bure, nikachukua nyasi nikamsukia kipande kwa mtindo wetu wa ukili. Akakipokea, akakigeuza, akakifumua chote, akakisuka upya kwa kukaza zaidi. Mwanamke mkali. Nikampenda papo hapo.

Jioni nikasikia muziki wa kengele unakuja barabarani. Mtoto wa Peckham mwenyewe si atajua? Gari la aiskrimu hilo! Nikatoka mbio na sarafu mkononi. Na majirani nao wakatoka mbio, vijana kwa wazee, nikasema loo, watu hawa wanapenda aiskrimu. Ndipo nikaona kila mtu ana mfuko, na gari lenyewe ni la taka. Bi A-Lan akaja nyuma yangu, akanipa mfuko wake niutupe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi langu nililipata siku ya kwanza.

Tulipokula, Mei akanieleza jambo lililoninyima raha. Msafara hauna njia maalumu. Sanamu ya Mazu inabebwa kwenye machela, na wanaobeba wanasema machela yenyewe ndiyo inayowavuta, kona hii au ile. Watu wanaufuatilia kwenye simu.

"Kwa hiyo kesho huenda usipite hapa?"

"Mara nyingi unapita, Anti," akasema Mei. Mara nyingi! Nimevuka nusu ya dunia kwa ajili ya mara nyingi.

Kitunguu

Asubuhi Mei akaenda kufundisha, Bi A-Lan akaenda hekaluni kusikiliza habari. Nikabaki na jiko la gesi uani, sufuria la kuazima, na koleo la mbao badala ya mwiko wangu. Mchele upo. Nyama hakuna, ndivyo nilivyoelezwa, sawa. Vitunguu nilinunua mwenyewe sokoni, kilo tano. Nikamenya, nikakatakata, nikakaanga taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawia ile tunayoitaka, nikatia kitunguu thomu, nikatia tangawizi, bizari, mdalasini, hiliki. Harufu ikapanda ikavuka ukuta. Majirani wakaanza kuchungulia. Nikasema moyoni, leo Yuanli watanijua.

Sufuria linaiva, akarudi Bi A-Lan. Akasimama langoni. Pua ikacheza. Akaja mpaka kwenye kapu, akaokota kitunguu kimoja kwa ncha za vidole kama anayemwokota panya aliyekufa, akanionyesha.

Nikampigia Mei simu.

"Anti," akasema, sauti imemwishia, "chakula cha nadhiri hakiwi na nyama, wala kitunguu, wala thomu, wala majani yake. Nilidhani unajua."

"Pilau bila kitunguu? Mei, huo ni wali!"

Kwa wale watu kitunguu na thomu siku ya ibada ni sawa na nyama tu. Bi Chen kwangu amekula vitunguu miaka minne, hakuwahi kusema neno, na mimi sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Bi A-Lan akaingia ukumbini kwenye madhabahu yao. Mimi nilibaki uani, lakini macho hayana pazia. Akashika vipande viwili vya mti vya umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Akauliza kama chakula kitapokewa, akavidondosha. Vyote viwili vikalala bapa juu. Akarudia. Vile vile.

Nikamuuliza Mei kwenye simu maana yake nini. Kimoja bapa na kimoja mviringo ni ndiyo. Vyote mviringo ni hapana. Vyote bapa, Mazu anacheka.

"Anacheka nini? Mwambie mimi sijacheka!"

Bi A-Lan akanitazama mimi na koleo langu, naye akaanza kucheka, akakaa kizingitini, anacheka anafuta macho. Kicheko kikanishika na mimi. Halafu katikati ya kicheko nikauona uso wa Bi Chen, nikaogopa kweli kweli. Mtu kangoja zaidi ya nusu karne, halafu mimi nije nimharibie kwa kitunguu! Machozi yakanitoka, na siwafichi.

Bi A-Lan akaninyanyua. Pilau ya kwanza wakapewa majirani, wao hawana nadhiri. Waliila na ukoko wakaukwangua. Sufuria akaliosha yeye mwenyewe mara tatu. Akaniletea uyoga mkavu, karanga, mafuta ya ufuta na sosi nyeusi ya soya kwa ajili ya rangi. Nikasema bismillahi, nikapika kitu ambacho kule Tanga mama yangu angenikana.

Mlango

Saa nane mchana pilau imeiva, Mei akaja mbio na simu mkononi. Machela imekata kona. Imeshika njia ya mfereji, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kama kilomita mbili kutoka kwetu. Haiji.

Bi A-Lan akakaa chini.

"Tupeleke sufuria huko," nikasema. "Mimi nimepandisha pilau kwenye gari harusi ngapi, sufuria likiwa mapajani?"

Mei akamtafsiria mama yake, akanirudishia jibu. "Anasema dada yake aliahidi mlangoni kwetu. Kule kuna mpunga tu. Mlango uko hapa."

Nikautazama ule mlango. Mbao nene, na hauna bawaba za chuma. Kila bawa lina ncha juu na chini, zimekaa kwenye matundu. Nikaukumbuka mji wetu, mtu akivunja nyumba ya kale anaweza kuacha kuta, haachi mlango. Mlango anahama nao.

"Mei, mwambie mama tuung'oe."

"Anti, siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie! Mlango ukiwa kule, kule si ni mlangoni kwenu?"

Akamwambia. Bi A-Lan alinikazia macho mpaka nikajuta. Kisha akasema polepole kwamba zamani, wageni wakizidi harusini, baba yao aliunyanyua mlango huo huo akaufanya meza. Akaingia ukumbini, akavidondosha vile vipande. Kimoja bapa, kimoja mviringo. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kulishika bawa la kushoto.

Majirani waliokula pilau ya haramu ndio waliobeba mlango. Ilikuwa haki yao. Tukaupakia kwenye pikapu ya shamba, mimi nyuma nimekumbatia sufuria, Bi A-Lan kashika bawa lake, tunakwenda katikati ya mpunga huku ngoma zinasikika mbele.

Tukafika. Bawa moja tukalisimamisha kwenye nguzo ya umeme, na karatasi zake nyekundu. La pili tukalilaza juu ya mabenchi, likawa meza. Sijamaliza kufunua sufuria, fataki zikalia, na machela ikapita mbele yetu mbio mbio mabegani mwa watu, watu wengine wamepiga magoti njiani. Nyuma yake wakaja watembea kwa miguu, Mtume! Mamia. Wengine wametembea siku kadhaa, vidole vimefungwa plasta, wanakula na kulala kwa hisani ya watu wa njiani.

Nikaanza kupakua. Mei akapiga simu ya picha. Kilburn ilikuwa asubuhi, mwenzangu wa zamu alimshikia Bi Chen simu, amekaa kitandani na shali yake. Akauona mlango. Hakuuliza umefikaje kwenye mpunga. Aliuangalia tu, midomo inacheza, kisha akasema maneno, na Bi A-Lan akaficha uso kwenye kofia yake.

"Anasema hajauona tangu siku alipoondoka," Mei akanitafsiria. Halafu akacheka kidogo. "Na anasema yule mzee mwenye fimbo umempa kidogo. Muongeze."

Nikamuongeza. Basi ikawa hivyo mpaka mwisho, Bi Chen anaamrisha kutoka Kilburn: huyu mpe wali wa chini wenye karanga, yule mama ana mtoto, mpe sahani mbili. Hao walioulizwa kama chakula ni kizuri waliinua dole gumba kinywa kimejaa. Mkono ulikuwa wangu, lakini aliyekuwa anapakua ni yeye. Nilipokwangua ukoko wa mwisho niliona aibu kulia mbele ya watu wasionijua, nikasingizia moshi wa fataki.

Kilburn tena

Nimerudi Jumapili, na Jumatatu nikaenda kazini. Nilimletea kofia aliyosuka mdogo wake. Akaivaa kitandani, akawa anaivua kuinusa kisha anaivaa tena.

Nilikuwa nimempikia pilau ile ile ya uyoga, nikitaka aonje alichowalisha watu. Nikachota kijiko, nikamlisha. Akatafuna taratibu, macho dirishani.

"Walikula hii?"

"Yote. Wengine walirudi kuongeza."

"Mlangoni kwetu?"

"Mlangoni kwenu."

Akameza. Chozi likamshuka mpaka kidevuni, akaliacha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mabega yake yaliteremka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Basi imekwisha, Zuhura," akasema. "Imekwisha."

Nikachota kijiko cha pili. Akafumba mdomo, akatikisa kichwa chini ya ile kofia.

"Kesho," akasema, "tia kitunguu."